Mafuta Makali Siyo Mafuta Bora

Shauri kwa jamaa zinazopata riziki kwa gari

Asubuhi moja, nilipokuwa nikiita majina darasani, jina moja halikuitikiwa. Siku ya pili vivyo hivyo, na siku ya tatu. Mtoto mwenyewe ni wa dada yangu, tena ni hodari wa hesabu. Basi jioni nikaondoka kwenda kwao Kikula kuuliza habari. Nilimkuta baba yake, yaani shemeji yangu, ameketi mlangoni. Mbele yake, juu ya gunia, vilipangwa vyuma vyeusi vinavyonuka mafuta, kama mifupa ya mnyama aliyekwisha kuliwa. Vilikuwa viungo vya sanduku la gia la taksi-basi yake.

Gari hilo ndilo shamba la nyumba ile. Shemeji alilinunua kwa fedha ya likelemba aliyoiweka miaka mingi, pamoja na faida ya unga ambao dada yangu huuza sokoni. Kila siku lilipeleka watu Kambove na kuwarudisha Likasi. Jioni fedha ilihesabiwa mezani: hii ya esansi, hii ya chakula, hii ya minervali ya watoto. Sasa gari lilikuwa limesimama, minervali haikupatikana, na mtoto aliona haya kuja shuleni mikono mitupu.

"Shemeji, gari limepatwa na nini?" nikamwuliza.

"Mwalimu, mimi mwenyewe sifahamu," akajibu. "Sikuwa mchoyo. Nilinunua mafuta ya bei kubwa kuliko yote yaliyokuwa dukani. Namba tano, wala si namba nne. Papa fundi naye alisema namba tano ndiyo yenye nguvu."

Fundi mwenyewe alikuwapo, naye si mtu wa hila. Aliinua pete moja ya rangi ya njano, akaigeuza polepole katika mwanga wa jioni, akanionyesha jinsi mikwaruzo yake ya ndani ilivyokwisha na meno yake ya nje yalivyolika. Tukakitafuta kitabu cha gari, tukakipata chini ya kiti. Kilikuwa kimeandikwa kwa Kijapani, wala hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kukisoma. Lakini katikati ya herufi zile ngeni tukaona alama tulizozijua: 75W-90, na mbele yake GL-4. Ndani ya sanduku yalikuwa yametiwa mafuta ya 85W-140, GL-5.

Wasomaji wapenzi, siwezi kuapa kwamba mafuta peke yake ndiyo yaliyoliharibu gari lile, maana lilikuwa limekwisha kufanya kazi miaka mingi ng'ambo kabla ya kufika kwetu. Lakini najua kwamba shemeji yangu alilipa fedha nyingi ili apate kitu kisichofaa. Tena najua kwamba siye peke yake katika mji wetu. Kwa hiyo nimeona yafaa kuandika habari hii kwa urefu, ili jamaa nyingine zisije zikanunua hasara kwa bei kubwa.

Kazi ya sanduku la gia

Injini hupenda kuzunguka kwa kasi, lakini magurudumu hayawezi kuifuata kila mara. Gari likipanda mlima na mzigo wake, lahitaji nguvu nyingi na mwendo mdogo. Likiwa tambarare, lahitaji mwendo zaidi na nguvu kidogo. Sanduku la gia, ambalo mafundi wetu huliita bwate, ndilo linalogawa mambo hayo mawili kwa magurudumu yenye meno, makubwa kwa madogo.

Wazee walioendesha malori ya zamani wanakumbuka taabu ya kubadili gia. Dereva alikanyaga klachi, akatoa gia, akaachia, akakanyaga tena, akasikiliza mlio wa injini, ndipo akaingiza gia nyingine. Akikosea kidogo, meno yalipiga kelele hata watu wa barabarani wakageuka kumtazama. Katika mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilileta magari yenye ufundi mpya wa kuondoa taabu hiyo, nao ukaenea ulimwenguni kote. Ufundi huo mafundi wetu huuita sinkro.

Sinkro ni pete. Kabla ya meno ya gia kukutana, pete hiyo husukumwa juu ya koni ndogo ya chuma cha pua na kuishika kwa msuguano, kama mkono unavyoshika gurudumu la baiskeli linalozunguka ili kulipunguzia mwendo. Pande zote mbili zikiisha kwenda mwendo mmoja, meno huingiana kimya kimya. Mambo hayo yote hutendeka katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Basi msomaji ashike neno hili, maana tutalirudia: kazi ya pete ni kushika, wala si kuteleza.

Katika magari mengi pete hiyo hufanywa kwa shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Hapo sisi watu wa Katanga hatuna budi kutega sikio. Shaba ndiyo iliyojenga mji wetu tangu ulipoitwa Jadotville. Tena tangu mwaka 1971 hata 1997 jimbo letu zima liliitwa Shaba. Zinki nayo hutoka Kipushi. Kumbe ndani ya gari lililotengenezwa ng'ambo mmefichwa madini yaliyo ndugu na madini ya ardhi yetu, nayo yana adui wake ambaye sisi twamjua.

Nyumba mbili, na kila nyumba na mafuta yake

Nyuma ya gari, katikati ya magurudumu mawili, kuna chungu cha chuma ambacho mafundi huita ponti. Humo nguvu iliyokuja kwa mhimili mrefu hugeuzwa kwenda kuume na kushoto. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Packard ya Marekani ilianza kutumia namna mpya ya meno ya ponti. Gurudumu dogo la meno liliwekwa chini kidogo ya katikati ya gurudumu kubwa, hivyo gari likaweza kujengwa chini zaidi. Namna hiyo imeenea sana mpaka leo.

Ila kila faida ina gharama yake. Meno ya namna hiyo hayakutani tu na kuachana, bali husuguana kwa urefu wake chini ya mzigo mzito mno. Mafuta ya kawaida hukamuliwa yakatoka katikati, chuma kikagusana na chuma, kikapata moto hata kutaka kuungana kama kinavyoungana kwa mchomeleaji. Kwa ajili hiyo wataalamu walitia dawa ndani ya mafuta, yaani salfa na fosforasi. Chuma kikipata moto sana, dawa hiyo hushikamana nacho na kufanya ngozi nyembamba juu ya meno. Ngozi hiyo hulika badala ya meno yenyewe, kisha hufanyika nyingine.

Basi nyumba ni mbili. Katika ponti yatakiwa mafuta yenye dawa kali, maana mzigo ni mkali. Katika sanduku la gia yenye sinkro yatakiwa mafuta yanayolinda meno, lakini yanayoiacha pete ishike. Anayetaka kuzilisha nyumba mbili kwa chungu kimoja ataishibisha moja na kuiua ya pili.

Maana ya herufi GL

Chama cha wenye kazi ya mafuta ya petroli cha Marekani, kinachojulikana kwa herufi API, ndicho kilichoweka alama za GL. Watu wengi huzisoma kama darasa za shule: aliye darasa la tano ana elimu kuliko wa darasa la nne. Hilo ndilo kosa lenyewe. Namba hizi haziendi hivyo. Zinaonyesha kazi, kama vile seremala na mwashi walivyo na kazi mbalimbali, wala mmoja si mkubwa wa mwenzake.

GL-1 ni mafuta yasiyo na dawa hizo, nayo hutumika katika mitambo michache ya zamani. GL-4 ni ya kazi ya wastani, nayo huagizwa kwa masanduku mengi ya gia yenye sinkro. GL-5 ni ya ponti zenye meno ya kusuguana niliyokwisha kuyaeleza. Dawa yake hukaribia kuwa maradufu ya ile ya GL-4. Tena kuna alama MT-1, iliyowekwa kwa masanduku ya malori makubwa yasiyo na sinkro.

Kwa hiyo mtu akiambiwa atie GL-4, asiseme, "Nitatia GL-5, maana ni zaidi." Kadhalika akiambiwa atie GL-5 katika ponti, asitie GL-4 kwa kuwa alibakiwa nayo. Ponti ya kusuguana ikipewa mafuta dhaifu, meno yake hulika upesi, na hasara yake si ndogo kuliko ile ya kwanza.

Kuna pia chupa zilizoandikwa GL-4 na GL-5 pamoja. Hapo usiamini herufi kubwa za mbele tu. Igeuze chupa, usome nyuma kama kiwanda kinasema kwamba mafuta hayo yametengenezwa kwa masanduku ya gia yenye sinkro. Kama hakisemi, iache.

Salfa na shaba

Katika Likasi hakuna haja ya kueleza sana kwamba salfa na shaba hazikutani bure. Katika kiwanda cha Shituru asidi ya salfa ndiyo iliyotumika kuitoa shaba katika mawe yaliyosagwa. Huko Kipushi, ndani sana ardhini, mawe mengi ni shaba iliyokwisha kuungana na salfa tangu zamani zisizohesabika. Mafuta ya gia si asidi ya Shituru, wala hayali chuma kwa namna ile. Lakini tabia ya salfa kuipenda shaba ni ile ile. Salfa yenye nguvu, ikiwa katika mafuta ya moto, huweza kuishika shaba ya njano na kuigeuza rangi, kisha kuila polepole.

Wataalamu wanalijua jambo hilo, nao wana jaribio ambalo mtoto wa Likasi atalifurahia. Huchukua kipande cha shaba kilichosuguliwa hata kikang'aa, wakakitumbukiza katika mafuta ya moto kwa saa kadhaa, mara nyingi saa tatu. Kisha hukitoa na kuitazama rangi yake. Kama kimebaki karibu na rangi yake ya kwanza, mafuta hayo hayaidhuru shaba. Kama kimekuwa cheusi, yanaidhuru.

Haki yapasa kusemwa: mafuta mengi ya GL-5 ya siku hizi hutiwa dawa nyingine ya kuilinda shaba, nayo hulipita jaribio hilo. Lakini hata hapo linabaki neno lile nililoomba mlishike. Pete lazima ishike. Mafuta yaliyotengenezwa kwa ponti huweza kuwa yenye utelezi kupita kiasi, nayo pete huteleza juu ya koni badala ya kuipunguzia mwendo. Dereva husikia gia inakataa, husukuma kwa nguvu, meno hupiga, pete hulika. Hivyo mkono wa dereva humaliza kazi ambayo mafuta yaliianza.

Namba za uzito

Namba kama 75W-90 au 85W-140 hazisemi lolote juu ya dawa. Zinasema jinsi mafuta yanavyomiminika, mazito au mepesi. Namba ya kwanza, yenye herufi W, ni ya wakati wa baridi. Ya pili ni ya wakati mafuta yamekwisha kupata moto. Mafuta yenye W ndogo humiminika vizuri zaidi katika baridi, na yenye namba kubwa ya pili hubaki mazito zaidi katika joto.

Hapa kuna mtego mwingine. Kipimo cha mafuta ya gia si kipimo cha mafuta ya injini. Mafuta ya gia ya namba 90, yakiwa ya moto, hukaribia uzito wa mafuta ya injini ya namba 40 au 50. Basi mtu asidhani kwamba 90 ni mazito mara mbili kuliko 40, kwa maana ni rula mbili tofauti.

Likasi iko juu, yapata meta 1,300 kutoka usawa wa bahari. Katika mwezi wa Juni na Julai usiku wetu huwa wa baridi, na dereva anayeondoka alfajiri huona gia ya kwanza na ya pili zikiwa nzito kidogo. Lakini baridi yetu si kitu mbele ya ile ya Ulaya. Mafuta ya 75W hupimwa katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, na ya 80W katika digrii 26 chini ya sifuri. Kwa hiyo hapa kwetu si baridi inayotulazimisha kuchagua. Tufuate kitabu tu. Ikiwa kitabu chakubali 75W-90 na 80W-90 pia, chukua uipatayo iliyo safi.

Lakini mtu asiingiwe na mawazo kwamba, kwa kuwa mwezi wa Oktoba ni wa joto kali, atie 85W-140 ili gari "lisikie uzito". Mafuta mazito kupita agizo hayaondoki upesi kati ya pete na koni. Pete hukawia kushika, na gia hulia. Tena injini hufanya kazi ya bure kuyakoroga, na esansi hupotea.

Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho

Mtu ataniuliza, "Mwalimu, basi nitie GL-4 daima?" Hapana. Ningesema hivyo, ningekuwa nimewaondolea kosa moja na kuwapa jingine. Aliyelitengeneza sanduku ndiye ajuaye limefanywa kwa nini, na magari hayalingani.

Magari mengi ya Toyota yameruhusiwa na kiwanda chake kutiwa ama GL-4 ama GL-5 ya 75W-90 katika sanduku la gia. Magari mengi ya Honda ya miaka ya 1980 na 1990 hayakuagizwa mafuta ya gia hata kidogo, bali mafuta ya injini. Mercedes za namna ya W123, ambazo bado zaonekana katika barabara za Afrika, sanduku lao la mkono latiwa mafuta mepesi ya masanduku yanayojibadili yenyewe. Na malori makubwa yenye sanduku la Eaton Fuller lisilo na sinkro, kama baadhi ya yale yanayopita RN1 kutoka Kolwezi kwenda Kasumbalesa, yana agizo lake: kiwanda chake hukataza mafuta yenye dawa kali ya ponti.

Mwaona wenyewe, wasomaji, kwamba kanuni ni moja tu: soma kwanza. Kitabu kikiwa cha Kijapani au cha Kichina, zitafute namba na herufi, maana 75W-90 huandikwa vivyo hivyo katika lugha zote. Kitabu kikikosekana, tazama kibao kilichopigiliwa chini ya boneti, uandike namba ya gari na namba ya sanduku, kisha umwulize fundi mwenye vitabu au mwuzaji wa vipuri vya kampuni ile. Kijana mwenye simu naweza kumtuma aitafute habari hiyo; lakini aitafute kwa namba kamili ya gari letu, asilete jibu la gari la jirani. Kuuliza si ujinga.

Katika kununua

Huko sokoni na kando ya barabara mafuta huuzwa mara nyingi katika chupa za maji au katika bidoni zilizofunguliwa. Sisemi kwamba kila auzaye hivyo ni mwongo. Wengi ni mama wa watoto wanaotafuta unga wa jioni. Lakini mafuta yaliyotoka katika chombo chake yamepoteza jina lake. Nani atajua kama ni GL-4 au GL-5, au ni mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika yakachujwa kwa kitambaa? Rangi haisemi, wala harufu haitoshi. Mafuta ya gia yananuka kwa sababu ya salfa yake. Lakini pua haiwezi kupima kiasi.

Basi nunua chombo kilichofungwa, ambacho muhuri wa kifuniko chake haujakatika. Soma namba mbili, yaani ya GL na ya uzito. Tazama kama maandishi ni safi, yasiyofutika kwa kidole, na kama neno halikukosewa herufi. Sanduku la gari dogo huchukua lita 2 au 3 tu. Tofauti ya bei kati ya mafuta ya kweli na yale ya chupa ya maji ni ndogo ukiigawa kwa miezi ambayo gari litatembea. Wahenga walikwisha kusema kwamba rahisi huvunja upishi. Shemeji yangu naye ametufundisha upande wa pili: hata ghali huvunja, ikiwa mtu hanunui kwa akili.

Siku ya kubadili

Gari litembee kidogo kwanza, mafuta yapate moto, kisha lisimame mahali palipo sawasawa na kuzuiliwa vizuri. Fungua kwanza kizibo cha kujazia, kabla ya kile cha kumwagia. Wengi wamemwaga mafuta yote, kisha wakaona kizibo cha juu kimeshika kutu na hakifunguki, gari likalala hapo hapo.

Mafuta yakimwagika, yatazame. Kizibo kikiwa na sumaku, utaona juu yake matope laini ya kijivu. Hayo ni ya kawaida, ni uzee wa chuma. Ukiona vipande vigumu, au jino, sanduku ni gonjwa. Vumbi la njano linalong'aa katika mafuta ni unga wa pete. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, yameingiliwa na maji, jambo linaloweza kutokea wakati wa mvua gari likivuka madimbwi yenye kina.

Kisha jaza mafuta mapya mpaka yafike kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia, kama kitabu hakisemi vingine. Yakipungua, meno ya juu huona kiu; yakizidi, huchemka povu na kutafuta njia ya kutokea kwenye joini.

Mafuta machafu usiyamwage mferejini. Maji ya mto Panda huelekea Lufira na ziwa Tshangalele, ambako ndugu zetu huvua samaki, nasi hula samaki hao. Yatie katika bidoni, uyapeleke garaji inayoyakusanya.

Gari likisema, lisikilizwe

Gia inayokwaruza wakati wa kuingia, gia inayokataa asubuhi na kukubali mchana, gia inayoruka yenyewe: hizo ni sauti za sanduku linaloomba msaada. Si kila mara ni mafuta. Klachi isiyoachia vizuri nayo hufanya gia zikwaruze, hivyo fundi mwema huichungulia kwanza kabla ya kulifungua sanduku. Lakini dereva asizoee kusukuma kwa nguvu na kupandisha redio ili asisikie.

Kuna jambo la uzito zaidi. Gari lililobeba abiria likiteremka, gia inapasa kusaidiana na breki. Gia ikiruka mteremkoni, breki zabaki peke yake, zapata moto, nazo huweza kushindwa. Hapo si habari ya fedha tena, ni habari ya roho za watu. Baba anayeendesha taksi-basi amekabidhiwa watoto wa wenzake. Mungu na watu watamdai hesabu yao.

Daftari la nyumbani

Mali bila daftari huisha bila habari. Baada ya siku ile dada yangu alinunua daftari la shule, akaandika juu yake jina la gari. Ndani yake huandika tarehe, kilomita zilizoonekana, mafuta yaliyotiwa katika injini, katika sanduku na katika ponti, kila moja kwa namba yake, na bei. Yeye hajui kuendesha, lakini sasa fundi hamwagi tone kabla mama hajasoma chupa. Papa fundi hakukasirika. Alinakili namba zile katika daftari lake mwenyewe, akasema, "Miaka kumi na mitano nimetia namba tano kwa moyo safi. Moyo safi hautoshi, mwalimu; lazima na kusoma."

Neno hilo lanipendeza kuliko yote niliyoandika hapa. Tumezoea kudhani kwamba kilicho na nguvu zaidi ndicho bora, na kilicho ghali zaidi ndicho cha heshima: shule ya bei kubwa, dawa kali, adhabu kali. Lakini hekima ni kukipa kila kitu kile kinachokifaa. Mtakatifu Paulo alipowafundisha Wakorinto juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi, alitaka wajue kwamba jicho halifanyi kazi ya mkono. Pete ya shaba ni kiungo kidogo, laini kuliko chuma cha pua. Wala haikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Ulaini wake ndio kazi yake. Aliye baba na aliye mwalimu, watazame na watoto wao vivyo hivyo.

Sanduku la taksi-basi lilipata pete nyingine, nalo likatiwa lita zake za 75W-90, GL-4. Majuma sita yalipita kabla ya minervali kupatikana. Asubuhi niliyoita jina lile likaitikiwa, nilikuta mtoto amebaki nyuma katika hesabu za sehemu. Ikatubidi kuketi pamoja kila jioni mpaka mwisho wa muhula ili awafikie wenzake.